Nani Amesema Kaburi Hili Halina Mwenyewe?

Ndugu msomaji, juma lililopita nilikwenda kuzuru kaburi la bibi yangu mzaa mama, katika makaburi ya mji mmoja ambao sitautaja. Nilizunguka karibu saa nzima. Pale nilipokumbuka kuwa ndipo, nilikuta saruji mpya na jina la mtu mwingine. Mlinzi akanijibu kwa upole: "Mzee, kaburi likikaa bila kupaliliwa, tunajua halina mwenyewe."

Sikugombana naye. Makaburi ya mijini yamejaa, na mimi nilikuwa sijafika pale kwa miaka 11. Wala jambo hili si letu peke yetu. Nchini Ufaransa, kaburi la miaka 30 au zaidi, ambalo halijazikwa mtu kwa miaka 10 na linaonekana kutelekezwa, linaweza kurudi mikononi mwa halmashauri baada ya matangazo. Jijini London, sheria ya mwaka 2007 inaruhusu halmashauri kuyatumia upya makaburi yaliyopita miaka 75. Walio hai wanahitaji nafasi, nasi hatuwezi kuizuia hesabu hiyo.

Lakini maneno yale, "halina mwenyewe", yalinikumbusha habari ya Basotu, katika nyanda za Hanang. Wakati habari hiyo inaanza, Hanang ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Mbulu. Ilitengwa kuwa wilaya mwaka 1985, na leo zote mbili zimo katika mkoa wa Manyara.

Nyanda hizo ni malisho ya Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga. Kwao si kila mtu hujengewa kaburi kubwa. Mzee mwenye heshima akifariki, na ukoo ukikubaliana, hufanyiwa mazishi yaitwayo bung'eda. Kichuguu cha udongo na miti hujengwa juu ya kaburi na kupandishwa hatua kwa hatua kwa miezi mingi, mpaka kiwe kirefu kuliko mtu. Ng'ombe huchinjwa, pombe ya asali hunywewa, na koo hukusanyika kutoka mbali. Sherehe ikiisha, watu hurudi kwenye mifugo yao. Hawaweki uzio, wala jiwe lenye jina. Mvua hukishusha kile kichuguu polepole, na majani huota juu yake.

Mgeni akipita hapo baada ya miaka 20, ataona nini? Ataona kilima kidogo chenye majani, basi. Wenyewe wamehama na ng'ombe kufuata maji, lakini mahali hapo wanapajua, na watoto wao wanafundishwa wapajue. Hata ndani ya Kreta ya Ngorongoro, ambako Wadatoga waliondolewa na Wamasai katika karne ya 19, yapo makaburi ambayo wajukuu wao hawajayasahau. Mlinzi wangu angesema hayana mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, NAFCO, yaani Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, lilianza kulima ngano katika nyanda hizo kwa msaada wa Kanada. Mashamba yalipanuka hadi yakafika saba, kiasi cha ekari 100,000. Matrekta yalipita juu ya malisho, na yakapita juu ya makaburi. Vichuguu kadhaa vya bung'eda vililimwa pamoja na nyasi. Tusisahau, ndugu msomaji, kwamba ngano ile ilikuwa mkate wetu sisi wa mijini.

Wananchi hawakukaa kimya. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda Mahakama Kuu mjini Arusha kudai ardhi yake, kikashinda. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Sababu mojawapo ni kwamba wanakijiji hawakuthibitisha mahakamani kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi. Mwaka 1987 likatoka Tangazo la Serikali Namba 88, likazifuta haki za kimila katika vijiji vya eneo hilo. Ndipo wazee wa Kibarabaig wakaandika barua ya wazi kwa watu wa Kanada, na miongoni mwa malalamiko yao yalikuwamo makaburi ya baba zao.

Jambo la kushangaza ni kwamba sheria ilikuwapo. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ni ya mwaka 1969, kabla ya shamba la kwanza. Inaeleza namna ya kuhamisha kaburi lililo katika ardhi inayohitajika kwa manufaa ya umma. Inataja fidia ya gharama za kulihamisha na kuzika upya, hata gharama za matambiko ya kuwatuliza marehemu. Aliyeiandika alijua kwamba wafu wana ndugu.

Kasoro basi iko wapi? Iko katika macho. Sheria hiyo inalilinda kaburi ambalo mtu amekwisha kulitambua kuwa ni kaburi. Dereva wa trekta aliona kilima. Mpima ardhi aliona pori.

NAFCO haipo tena. Mashamba yale yaligawanywa, mengine yakaenda kwa wawekezaji, mengine yakarudi vijijini. Lakini barabara mpya, migodi na viwanja vinaendelea kupimwa kila siku, na kila mahali tunaambiwa eneo ni tupu. Rai yangu ni ndogo. Kabla ya kuandika kwamba kaburi limetelekezwa, tusiishie kubandika tangazo ofisini. Tutangaze mnadani na visimani, kwa lugha ya wenyeji, na tutembee na wazee katika eneo hilo kwa miguu. Gharama yake ni siku chache tu.

Mimi nilikuwa najua kusoma, nina anwani, na naishi mwendo wa saa nne kutoka kwa bibi yangu. Hakuna aliyeniuliza. Mchungaji wa Basotu angeulizwa na nani?