Salio lisilo lako

Jirani yangu ni mwalimu wa sekondari. Jioni moja alikuja barazani kwangu na simu mkononi, akanisogezea kioo mpaka karibu kinigonge pua. Benki yake ilikuwa imempa kadi mpya, na programu ya simu, kwa Kiswahili kisicho na kasoro ya herufi hata moja, ilisema: "Salio linalopatikana: 2,000,000."

"Kaka, wamenipa milioni mbili."

"Wamekupa au wamekukopesha?"

"Sasa si wameandika salio?"

Hapo alinishika. Salio kwa Mswahili ni kilichobaki katika kilicho chako: salio la M-Pesa, salio la vocha, salio la mshahara ikifika tarehe ishirini na kitu, likiwa limebaki la nauli. Zile milioni mbili hazikuwa zake hata senti. Zilikuwa kikomo, yaani mwisho wa deni ambalo benki iko tayari kumwachia aingie. Mfasiri wa benki hakukosea sarufi. Alikosea mwenye mali.

Mzizi wa tatizo ni neno credit. Limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini, credere, chenye maana ya kuamini, na Kiingereza kimelizalishia watoto wasiofanana. Kuna imani anayopewa mnunuzi, kuna mkopo wenyewe, na kuna upande wa kulia wa daftari la mhasibu, unakoandikwa kile ambacho mwenye daftari anadaiwa. Wakenya wakaliokota wakalifanya kredo, na asiye na kredo hana muda wa maongezi kwenye simu. Kumbe muda huo umeshalipiwa kabla ya kutumika, kwa hiyo anayedaiwa ni kampuni ya simu! Neno moja, mdai na mdaiwa wamebadilishana viti.

Kiswahili hakina umaskini huo. Tunatenganisha kuazima na kukopa: sufuria ya shughuli huazimwa, na itarudi ileile na masizi yake, unga hukopwa, kwa kuwa ule wa kwanza umeshaliwa na utakaorudi ni mwingine wa thamani hiyohiyo. Wafanyabiashara wana mali kauli, bidhaa inayotoka ghalani kwa neno la mdomo, ilipwe ikishauzwa. Tuna karadha kutoka Kiarabu, na wanaochunga riba husema karadha njema kwa mkopo usiodai zaidi ya kilichotolewa. Na mtaani Dar es Salaam, dukani kwa Mangi, hakuna anayetaja lolote kati ya hayo. Anasema "niandikie", basi. Mangi anavuta daftari lenye jalada lililochanika, na kalamu iliyofungwa kwa kamba isiondoke.

Kwa hazina hiyo, "kadi ya mkopo" ni tafsiri nzuri kuliko asili yake. Kiingereza kimeliweka deni nyuma ya pazia la imani. Sisi tumeliandika usoni. Lakini magazeti yetu yamelichosha jina hilo kwa kulibandika kwenye kila kipande cha plastiki chenye nembo ya Visa. Kadi inayochota akaunti yako ya mshahara si ya mkopo. Ni kadi ya benki, au kadi ya debiti ukitaka kuwa makini. Kadi unayoijaza pesa kwanza ndipo ununue, hata ile ya namba tupu inayoishi ndani ya simu, si ya mkopo pia. Nembo ya Visa inaonyesha njia pesa inakopita. Haisemi ni pesa ya nani.

Historia nayo inasaidia. Diners Club ya mwaka 1950 huko New York ilikuwa kadi ya kulia hotelini na kulipa bili yote mwisho wa mwezi. Hiyo ningeiita mali kauli ya plastiki. Mabadiliko makubwa yalikuja Septemba 1958, Bank of America ilipowatumia watu wapatao 60,000 wa mji wa Fresno, California, kadi ambazo hawakuziomba. Kadi hiyo, BankAmericard, ndiyo iliyoitwa Visa kuanzia 1976. Upya wake ulikuwa katika ruhusa: lipa yote, au lipa kidogo, kinachobaki tukitoze riba. Hapo ndipo kadi ilipostahili jina la mkopo. Kitaalamu, deni hili linalopungua ukilipa na kujaa tena ukinunua ningeliita mkopo mzunguko.

Ruhusa hiyo ndiyo pahala pa kukodolea macho. Taarifa ya mwezi huja na hesabu mbili: deni lote, na "kiwango cha chini cha malipo". Wengi huisoma ya pili kana kwamba ndiyo bili ya mwezi. Nilichukua karatasi nikamhesabia mwalimu. Tuseme unadaiwa 1,000,000, riba ni asilimia 3 kwa mwezi, kiwango cha chini ni asilimia 5 ya deni, na hununui kitu kingine tena. Mwezi wa kwanza riba ni 30,000, deni linakuwa 1,030,000, unalipa 51,500. Umetoa zaidi ya elfu hamsini na deni limeshuka kwa 21,500 tu. Ukienda hivyo miezi 32, utakuwa umelipa kama 1,200,000, na bado unadaiwa karibu laki tano. Mwalimu wa hesabu mwenyewe alirudia kukokotoa mara mbili, kisha akauliza kama kuna chai.

Kati ya siku ya kununua na tarehe ya mwisho ya kulipa kuna siku ambazo riba haitozwi, alimradi deni lote lilipwe kwa wakati. Nimeona pahala pameandikwa "kipindi cha neema". Neema ya nani? Kiswahili kina neno muhula, na mdaiwa yeyote anajua maana ya kupewa muhula. Ila kwa kawaida pesa taslimu ukiitoa kwenye mashine kwa kadi ya mkopo haina muhula: riba huanza siku hiyohiyo, na ada juu yake.

Kwa hiyo uchaguzi wa kadi hauanzii kwenye rangi ya dhahabu wala pointi za ndege. Anayelipa deni lote kila mwezi, riba haimhusu. Atazame ada ya mwaka, na makato ya kubadili fedha akinunua ng'ambo. Anayejijua kwamba atabakiza, asitazame kingine ila riba, tena aiulize kwa mwaka. Na anayetaka tu kulipia kitu mtandaoni, kadi ya kujaza inamtosha. Jamaa zetu walioko Marekani wana sababu ya ziada ya kuwa na kadi ya mkopo: kule alama za FICO za kumpima mkopaji, kati ya 300 na 850, huamua hata riba ya gari, na mgeni asiye na historia huanza kwa kadi anayoiwekea amana benki kama dhamana. Kinachopimwa na alama hizo kimeshapata jina zuri kwetu. Kopa, kopesha, kopesheka: kukopesheka ni hali ya mtu kuwa wa kukopeshwa, na hakuna lugha ninayoijua inayolifikisha jambo hilo kwa viambishi viwili tu.

Wanaokijua Kiswahili vizuri kuliko mabenki ni wauza mikopo ya simu. Okoa Jahazi, Nipige Tafu, Songesha, Fuliza: hakuna hata jina moja lenye kopa wala deni. Hata bei huvaa kanzu nyingine. Huduma ya M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012 haikutaja riba. Ilitoza "ada" ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Zidisha mara kumi na mbili uone ni asilimia ngapi kwa mwaka, halafu uniambie ada na riba vinaachania wapi.

Ombi langu kwa wanaofasiri programu za benki ni dogo. Acheni salio liwe la mwenye nalo. Kwenye kadi ya mkopo andikeni mistari miwili: "Unachodaiwa" na "Nafasi iliyobaki ya kukopa". Maneno hayo yanaenea kwenye kioo cha simu, hata ile ya mwalimu yenye ufa.