Kutoka Mtoro hadi Mzururaji: Historia ya Neno katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Utangulizi

Kitenzi zurura hufasiriwa kwa namna isiyo na utata: kwenda huku na huko bila kazi au shughuli maalumu. Fasiri hiyo ni sahihi lakini haijatimia, kwa kuwa inanyamazia swali la msingi: ni nani anayeamua kwamba mwendo wa mtu hauna shughuli? Makala haya yanalichunguza neno hilo kwa kuiangalia Gazi, kijiji cha pwani ya Kwale kilichoko yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Dai la msingi ni kwamba zurura ni neno la hukumu zaidi kuliko la maelezo, na kwamba hukumu hiyo haieleweki pasipo historia ya utumwa na ya kazi ya ujira.

Matumizi ya kila siku

Kiswahili kina msamiati mpana wa kukaa na kutembea bila haraka. Anayeketi barazani na wenzake baada ya sala ya alasiri anabarizi. Kitenzi hicho hakina lawama, na aghalabu hubeba heshima ya mwenye nyumba na ya wageni wake. Aliyepitisha mchana mahali fulani ameshinda hapo, na jioni huulizwa ameshindaje, haulizwi amechuma nini. Vivyo hivyo, mvuvi wa Gazi aliyeketi kando ya chombo chake bahari ikiwa imekupwa hasemwi kwamba anazurura. Kila mtu ajua kuwa anangoja maji, na kungoja huko ni sehemu ya kazi yenyewe.

Lawama huingia pale mwendo unapokosa mtu wa kuudhamini. Mzazi humkanya mtoto asizurure mitaani. Mwanamke atokaye mara kwa mara huitwa kiguu na njia, na akiambiwa kwamba anazurura, kinachotiwa shaka ni tabia yake. Mwanamume mwenye mwenendo uo huo husemwa tu kwamba ametoka kutembea. Hatua ni zile zile, ila jina la hatua hizo hutegemea mtembeaji ni nani na msemaji ana mamlaka gani juu yake.

Gazi na watoro

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Gazi ilikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepambana mara kadhaa na utawala wa Sultani wa Unguja. Miongoni mwa wafuasi wake walikuwamo watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao. Haifai kumfanya Mbaruk mkombozi kwa sababu hiyo, kwani Wamazrui wenyewe walimiliki watumwa. Hata hivyo, kwa mtoro aliyepokewa katika himaya yake, kuondoka pasipo idhini kulikuwa kumegeuka njia ya kupata ulinzi mpya. Waingereza waliiteka ngome yake ya Mwele mwezi Agosti 1895. Aprili 1896 Mbaruk alijisalimisha kwa Wajerumani ng'ambo ya mpaka, akafariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Neno mtoro huhitaji bwana: hakuna mtoro asiyetoroka mtu. Ndiyo maana kukomeshwa kwa utumwa kulileta haja ya jina jingine. Amri ya Unguja ya 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, lakini ilimtaka aliyepata uhuru athibitishe kwamba ana makao maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo atangazwe kuwa mtu wa aina ambayo Kiswahili cha leo humwita mzururaji. Katika pwani ya Kenya utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1907, na fidia ikawa haki ya bwana, si ya mtumwa. Mwaka uliofuata sheria ya hati za ardhi ilianza kuwataka watu wa pwani wathibitishe madai yao ya ardhi. Hivyo mtu asiye na hati aliweza kulima mahali kwa miaka mingi na bado akahesabiwa kuwa hana makao. Bwana mmoja aliyemdai mtoro wake alitoweka, na dola ikachukua nafasi ya kumdai kila asiye na mwajiri.

Baada ya uhuru

Sheria za aina hiyo, zilizofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya 1824, hazikuondoka pamoja na wakoloni. Tanzania ilitunga sheria ya nguvukazi mwaka 1983, na watu walioonekana kuzurura mijini wakakamatwa na kupelekwa mashambani. Kenya ilifuta Sheria ya Uzururaji mwaka 1997. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki hizo, kwa kuwa humwadhibu mtu kwa hali yake badala ya tendo lake.

Hitimisho

Mtoro wa leo ni mwanafunzi asiyehudhuria masomo. Bwana ameondoka, neno limebaki. Mzururaji naye amebaki, katika vinywa vya wazazi na vya askari. Kwa mhakiki, jambo hili lina uzito wa pekee. Riwaya ya Shafi Adam Shafi, Kuli (1979), inayohusu wafanyakazi wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948, huwaweka katikati ya masimulizi watu ambao mtazamaji wa mbali angewaona kuwa umati tu. Kila msimulizi anaposema kwamba mhusika anazurura, basi, msomaji hana budi kuuliza neno hilo limetoka upande upi: kwa anayetembea, au kwa anayemhitaji kazini?