Stesheni ya Taveta: pale reli ya Mwingereza ilipokutana na ya Mjerumani

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie reli. (Msiondoke, mambo ya itifaki yatarudi humu humu.) Pale Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanzania, kuna stesheni iliyofungwa ambayo mtu yeyote anayeunganisha mifumo miwili ya kompyuta anafaa kuijua.

Kilichoileta reli hapo ni vita. Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaiteka Taveta, na vikosi vyao vidogo vikawa vinapenya nyikani kwenda kulipua Reli ya Uganda, yaani ile ya kutoka Mombasa. Waingereza walitaka kuwafurusha, lakini kati ya Voi na Taveta kuna zaidi ya kilomita 100 za nyika kavu. Jeshi halisongi bila maji. Basi mwaka 1915 wakaanza kutandika reli kutoka Voi kuelekea magharibi, kazi iliyofanywa na vikosi vya wahandisi wa reli kutoka India, na maji yakavutwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Kufikia katikati ya mwaka reli ilikuwa Maktau. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita wakatimuliwa. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts alizunguka upande wa Kilimanjaro, Taveta ikakombolewa, na baada ya mapigano makali katika vilima vya Latema na Reata Wajerumani wakarudi kusini. Reli ikawafuata, na mwaka huo huo wa 1916 ikaungana na reli yao ya Tanga hadi Moshi.

Hebu fikiria hilo kama fundi. Wajerumani walianza reli ya Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi 1911. Waingereza walianza ya Mombasa 1896. Hizi zilikuwa dola mbili zinazoshindana, kila moja na michoro yake, lakini upana wa reli zote mbili ulikuwa milimita 1,000. Waingereza waliuchagua kwa sababu vifaa vyao vingi vilitoka India, ambako upana huo ulitumika. Wangechukua 1,067, kama Sudan na Afrika Kusini, behewa la Voi lingekwama zilipokutana reli, na kila gunia lingehamishwa kwa mabega ya watu.

Vita vilipokwisha, Tanganyika ikawa chini ya Uingereza na reli ya kijeshi ikapata kazi ya kiraia. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba reli ya Tanga haikuwa imeunganishwa na ile ya Dar es Salaam hadi 1963, kilipojengwa kipande cha Ruvu hadi Mruazi. Kabla ya hapo, behewa lililotaka kutoka Moshi au Tanga kwenda mtandao mwingine wowote wa reli lilikuwa na mlango mmoja tu, nao ni Taveta. Kahawa ya Kilimanjaro ilipita hapo kwenda bandari ya Mombasa. Ulikuwapo pia mkonge wa Taveta kwenyewe, ambako mlowezi Ewart Grogan alikuwa na mashamba makubwa, na jumba lake la kilimani bado lipo.

Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika likagawanywa, na Februari Tanzania ikafunga mpaka. Ulifunguliwa tena Novemba 1983. Miaka 6 na ushei! Mizigo haisubiri hivyo. Ilikuwa imeshapata njia nyingine. Vyuma havikuwa na kosa lolote, upana ulikuwa ule ule wa 1916. Stesheni ikazidi kupoa hadi ikafungwa, na lami ilipofika kutoka Voi, malori na matatu yakamaliza kazi.

Upande wa pili mambo yaligeuka Desemba 2019, treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliporudi Moshi baada ya miaka mingi. Inapita Kahe, magharibi ya Taveta. Upande wetu, reli mpya iliyofunguliwa 2017 inapita Voi ikiwa na upana wa milimita 1,435, kwa hivyo behewa la Taveta haliwezi kupanda juu yake. Litabidi lifuate reli ya zamani, au mizigo ihamishwe.