Joto la Michenzani

Bibi alihamia Michenzani kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar, na hakuacha kunung'unika: "Humu mnanipika, wajukuu zangu." Hakukosea. Nyumba aliyoiacha ilikuwa na kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kama nusu mita. Jua la mchana lilichelewa kupenya.

Majumba ya Michenzani yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakisaidia, kwa matofali ya saruji. Umeme na maji ya bomba tulipata, nisiwe mwizi wa fadhila. Lakini ukuta wetu wa magharibi, ukiuegemea saa tatu usiku, ulikuwa bado una vuguvugu. Kila kaskazi, bibi alitandika mkeka roshani akalala huko.