Shule ya Watoto wa Watemi: Somo la Tabora

Tabaka lolote linalotawala huacha alama zake katika shule zake. Ndiyo maana tuliwachukua wanafunzi wetu wa Shinyanga na Geita, tukapanda garimoshi hadi Tabora, kuitazama shule ambayo mkoloni aliianzisha katika miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu.

Kwa nini machifu? Gavana Cameron, aliyetawala Tanganyika kuanzia 1925 hadi 1931, alitaka utawala wa gharama ndogo. Sheria ya 1926 iliwatumia machifu kutoa amri na kukusanya kodi, na mishahara yao ikatoka katika kodi hiyo hiyo. Utawala wa namna hiyo ulihitaji warithi wanaojua hesabu na wanaotii. David Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha huko Shinyanga, alisoma Tabora, na mwaka 1945 akateuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Hatumnyimi akili wala heshima yake. Tunasema tu kwamba njia aliyoipita haikuwa wazi kwa mtoto wa mkulima wa pamba.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Korea, chuo cha kwanza cha namna yake cha wafuasi wa Confucius kilianzishwa mashambani mwaka 1543. Vyuo vya aina hiyo vilienea, vikawa ngome za makabaila wasomi, hata mwaka 1871 serikali ikavifunga karibu vyote, ikabakiza 47. Milango ilifungwa, lakini ukabaila haukufa siku hiyo.

Tabora, milango haikufungwa; walioingia ndio waliobadilika. Julius Nyerere, mwana wa mtemi wa Wazanaki, aliingia mwaka 1937. Rashidi Kawawa, mwana wa mwindaji wa tembo, naye alisoma hapo. Wasomi hao wa shule ya mkoloni wakawa viongozi wa kumng'oa mkoloni, na mwaka 1963 serikali huru ikaufuta utawala wa machifu.

Je, basi ni shule iliyoleta uhuru? Hapana. TANU ilipigwa marufuku Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958. Katika mwaka huo wa 1958 wakulima wa Geita, wengi wao wasiowahi kukanyaga darasa la namna ile, walilikataa baraza la mseto wa rangi lililoletwa na mkoloni, wakafunga safari hadi Mwanza kudai haki yao. Msomi huongoza pale tu umma unapokuwa umesimama.

Tukiwa njiani kurudi, mwanafunzi mmoja alituuliza: je, cheti hakijawa utemi mpya? Swali hilo tusilikwepe. Elimu ya Kujitegemea ilituonya juu yake tangu 1967. Leo Tabora huchukua vijana waliofaulu vizuri zaidi, na mtihani hauulizi ukoo. Lakini mtoto anayeacha darasa akaponde mawe ya dhahabu haufikii mtihani huo.

Kwa hiyo kazi ya kada haiishii katika kusifu historia. Aende machimboni, aulize ni watoto gani hawako shuleni na kwa sababu gani, kisha alete majibu hayo katika mkutano wa tawi lake.