Albarracín

Albarracín ni mji mdogo wa mkoa wa Teruel, jimbo la Aragón, mashariki mwa Hispania. Wakazi wake ni kama 1,000 tu. Hata hivyo una kanisa kuu la kiaskofu na kuta za mji uliowahi kuwa dola.

Umejengwa juu ya mwamba, karibu mita 1,170 kutoka usawa wa bahari, na mto Guadalaviar (ambao huko chini, kuelekea Valencia, huitwa Turia) umeuzunguka pande nyingi katika korongo refu. Upande wa mlima, ambako mto haukuzuia adui, ulipandishwa ukuta hadi mnara wa Andador, wa karne ya 10.

Jina limetokana na Banu Razin, ukoo wa Waberber. Ukhalifa wa Córdoba ulipovunjika mwanzoni mwa karne ya 11, ukoo huo ulitawala hapa ufalme wake mdogo hadi Murabitun, watawala Waislamu kutoka Afrika Kaskazini, walipouteka mwaka 1104. Mnamo 1170 mji uliangukia mikononi mwa Pedro Ruiz de Azagra, kabaila wa Navarra. Alizungukwa na Castilla na Aragón, mataifa makubwa kuliko lake mara nyingi, asimtii mfalme yeyote. Alijiita mtumishi wa Bikira Maria, bwana asiyedai kodi. Mwaka 1172 mji ukapata askofu wake. Ujanja wa kumtii Bikira peke yake ulimfaa yeye na warithi wake hadi 1284, Pedro III wa Aragón alipouzingira mji na kuutwaa.

Watu walikuwapo zamani zaidi. Katika misitu ya misonobari ya Rodeno, kwenye mawe mekundu ya mchanga, imo michoro ya kale ya wanyama na wawindaji, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1998. Warumi nao walitoboa miamba kupeleka maji hadi mji wa Cella, umbali wa kilomita 25 hivi.

Nyumba ni za fremu za mbao zilizokandikwa jasi nyekundu ya huko huko, na ghorofa za juu hujitokeza hadi mapaa yakakaribia kugusana juu ya vichochoro. Kwa karne nyingi watu waliishi kwa sufu, wachungaji wakishusha kondoo kusini kila kipupwe. Katika karne ya 20 vijana wengi walihamia mijini, na kwa kukosa fedha za kujenga upya, mji ukabaki na sura yake ya kale. Ulitangazwa kuwa kumbukumbu ya kitaifa mwaka 1961. Leo unategemea sana watalii, wakiwemo wakwea miamba wanaoyafuata mawe ya Rodeno.