Somo la Redio: Kifafa na Milango ya Ubongo

Somo letu leo ni kifafa, ugonjwa uwezao kumwangusha mtu jikoni penye moto, au ukingoni mwa shimo la dhahabu.

Mnamo mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianza kutibu kifafa huko Mahenge, kusini mwa nchi yetu. Aliwakuta wagonjwa wakila peke yao, kwa kuwa watu waliogopa mate yao. Hata aliyeangukia motoni pengine hakushikwa. Bure kabisa! Kifafa hakiambukizwi kwa mate. Akawapa vidonge vya fenobabito, na wengi wakapata nafuu.

Dawa hiyo Hauptmann, Mjerumani, aliwapa wagonjwa ili walale. Mwaka 1912 akaeleza kuwa inapunguza kifafa. Kwa nini? Hakujua. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo, upitao katika milango midogo mno ya seli zake. Mwaka 1976 Neher na Sakmann walipima umeme wa mlango mmoja tu. Ikaja kufahamika kwamba fenobabito huifanya milango fulani ikae wazi zaidi, na seli zikatulia. Kwa hiyo dawa hunywewa kila siku. Mgonjwa akiiacha ghafula, kifafa huweza kurudi kwa nguvu.